Tundu Kwenye Soksi za Babu

Mjukuu wangu ana droo nzima ya soksi. Juzi aliketi kitandani kwangu, akapenyeza kidole gumba kwenye tundu la soksi moja, akakichezesha, akacheka peke yake. "Bibi, hii ishakufa. N'tupe?" Mimi sikucheka. Kwa kitambo nikajikuta nasikiliza mlango wa chini, na nyumba ninayokaa sasa wala haina ghorofa. Nimevuka miaka sitini, nimezaa, nimezika, nimekaa mbele ya daktari akinisomea majibu yangu na sikutetemeka. Lakini tundu la soksi bado linanitisha. Nyinyi mliokua na mimi mjini Unguja miaka ile pengine mtanielewa. Hawa wadogo tuwasamehe.

Sikulelewa na wazazi wangu. Wao walikaa Jang'ombe na wadogo zangu, na mimi, mjukuu wa mwanzo, nilipewa babu na bibi niwachangamshie nyumba yao ya Mkunazini, nyumba ya mawe yenye ngazi za giza hata saa sita za mchana. Tulikuwa watu wanne: Babu, Bibi, mimi, na Ami Seif, mdogo wake baba na kitinda mimba wa Babu na Bibi, aliyekuwa akisomesha skuli. Babu alikuwa karani aliyestaafu. Aliniita "mama" kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na mimi nikajiona mtu mzima kweli kweli.

Babu alikuwa na baridi yabisi ya miguu. Maji ya mtungi yakimgusa vifundo, aliuma meno mpaka taya likatokeza. Kwa ajili hiyo alivaa soksi za ngozi, zile za kutawadhia, ambazo mtu akishatawadha kamili na kuzivaa, udhu unaofuata hana haja ya kuosha miguu. Hupangusa maji juu yake tu kwa vidole vilivyolowa. Alizinunua Madina alipokwenda kuhiji. Zilikuwa nyeusi, za ngozi ya mbuzi, laini mno, zimeshonwa kwa uzi wa mistari miwili. Bibi alimchemshia maji alfajiri, mara moja tu kwa siku maana makaa yalikuwa ya tabu, Babu akaosha miguu, akazivaa, akakaa nazo mpaka baada ya isha. Kupata nyengine haikuwezekana. Wakati ule hata sindano ya cherehani ikivunjika nyumba nzima ilihuzunika.

Kazi ya kuzitunza nilipewa mimi, na Babu alinifundisha kwa subira kubwa. Usizitie majini hata siku moja. Zifute kwa kitambaa kilichokamuliwa, anza juu, malizia nyayo. Zitungike dirishani kwenye upepo, si juani, kwa kuwa jua huikausha ngozi ikapasuka ilipokunjwa. Kisha tia matone mawili ya mafuta ya simsim kiganjani, yasugue yapate joto, uyapitishe kwenye mishono kwa ncha ya kidole. Zijaze sufi ya mto ili vidole visijikunje, zilaze kwenye bati la biskuti pamoja na punje chache za karafuu za kufukuza wadudu, na usifunike bati mpaka mafuta yakauke. "Ngozi nayo inavuta pumzi, mama," aliniambia. "Ukiifunika mbichi inafanya ukungu." Kila Ijumaa alikata kucha za miguu, akanionesha kidole kimoja kimoja nimkagulie, na nikiona ncha yoyote nilimrudisha akate tena. Alinitii. Hakuna mtu mwengine duniani aliyekuwa akinitii.

Alasiri moja walikuja watu wawili. Walikuwa wapole, walipiga hodi vizuri, wakamwamkia Bibi.

"Shikamoo, mama. Seif yupo?"

"Marahaba, wanangu. Yupo, anakunywa chai."

"Tunamtaka kidogo tu. Atarudi sasa hivi."

Ami alivaa makubadhi yake. Alinipita mezani nilipokuwa nikifanya hesabu za skuli, akaniambia, "Usifute ulipokosea, n'takuja kukuonesha." Bibi alikifunika kikombe chake kwa kisahani chai isipoe. Kikombe kile kilikaa pale siku tatu, na hakuna kati yetu aliyethubutu kukiondoa.

Babu alikwenda kuuliza, akaambiwa aende kwengine. Huko kwengine akaambiwa aache kuuliza. Tangu hapo nyumba ikaingia hofu ambayo mimi niliijua kwa sauti zake kuliko kwa maneno: redio ilipunguzwa mpaka ikawa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, Bibi akaacha kuimba akipepeta mchele, na mlango ukibishwa wakubwa waliangaliana kwanza kabla ya kuitika. Majirani walipita barazani kwetu wakitazama chini. Niliambiwa, mtu akiniuliza Ami yuko wapi, niseme ana safari. Nilipouliza safari ya wapi, Bibi alinifinya mkono, na Bibi hakuwa mtu wa kufinya.

Babu akaacha kwenda msikitini. Alisema miguu, lakini nilimsikia akimwambia Bibi anaogopa Seif asije akakuta mlango hauna mtu. Akawa anasali ghorofani, chumba cha mbele kinachotazama njia, Bibi nyuma yake na mimi ubavuni kwa Bibi. Baada ya kila sala aliinua mikono akamwombea Ami kwa jina lake na jina la mama yake, taratibu, kama mtu anayetoa anwani na kuogopa barua isipotee. Mimi niliitikia amin kwa nguvu zangu zote. Niliamini kabisa kwamba dua ni kamba, Babu anaivuta, na Ami yuko ncha ya pili.

Kama mwezi hivi baada ya Ami kuondoka, chupa ya mafuta ya simsim ilikwisha. Nilitumwa Darajani, nikazunguka maduka manne nikarudi na chupa tupu. Bibi alisema basi, zikae siku mbili tatu bila mafuta, hazitokufa. Lakini mimi nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. Nilijua kabatini mna kopo dogo la samli ya Pemba ambalo Bibi alilihifadhi kumpikia Ami wali siku atakayorudi. Nikajiambia, samli ni bora kuliko simsim, ni ghali zaidi, inanukia zaidi, na soksi za Babu ndizo zinazobeba dua za Ami. Kwa hiyo samli ya Ami nikiitia huko sijaiba. Nilichota kwa kidole. Nikasugua mishono yote, kisigino zaidi kuliko pengine maana ndipo palipokuwa pakavu, na kwa kuwa samli haikukauka, nikaacha bati wazi kama nilivyofundishwa.

Asubuhi nilikuta sufi imetapakaa nje ya bati. Panya alikuwa amekula samli yake, na alipoimaliza akaendelea. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu ubavuni mwa kisigino, dogo tu, la ukubwa wa punje ya choroko, limezungukwa na alama za meno. Nilisikia Babu anakohoa, maji yakimiminwa, na Bibi akiniita nilete soksi.

"Naam, naja!"

Nilizileta. Nilimvalisha mwenyewe, nikimwambia leo nataka nimhudumie, na yeye akanibariki. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, haoni vizuri karibu, na kupangusa hupangusa juu ya mguu, kisigino hakigusi. Siku ile nilimwomba mvulana wa jirani ulimbo wa fenesi, nikakata kipande cha ngozi ndani ya kiatu kikuukuu, nikabandika, nikapaka masizi. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kugombezwa. Nawaambieni, hofu ile ilikuwa tamu ukilinganisha na iliyonijia baadaye.

Ilinijia chuoni. Bi Zeyana, mwalimu wetu wa Kurani, mwanamke mwembamba aliyefundisha akichambua mchicha, alikuwa akituelezea udhu. Siku hiyo akafika kwenye soksi za ngozi. Akataja masharti yake: zifunike vifundo, ziweze kutembelewa, zivaliwe mtu akiwa na udhu kamili. "Na zisiwe na tundu," akasema. "Likitokea tundu mguu ukaonekana, hapana kupangusa. Ukipangusa, huna udhu. Na asiye na udhu?"

"Hana sala!" tuliitika sote, na mimi niliitika nao kabla sijafahamu nilichosema.

"Na dua za mtu aliyesimama mbele ya Mola wake hana sala zinakwenda wapi?" akauliza. Kisha akaendelea na mchicha wake.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka sala ya alasiri ya siku ile. Babu alikwenda sijida, na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake upande wa kulia, kisigino chake kilikuwa mbele ya macho yangu. Ulimbo ulikuwa umeachia. Kile kipande cha ngozi kilining'inia kwa upande mmoja, na ndani ya tundu nikaiona nyama ya kisigino cha Babu, nyeupe kwa kukauka. Dua ilipofika, nikasikia jina la Ami Seif likitoka mdomoni mwa Babu, na nikajua haliendi popote.

Msinijie na fatwa sasa. Nimeshaulizia, nimeshajibiwa, najua uzito wa jambo lile na wepesi wake. Lakini mtoto wa miaka tisa hakuwa na mtu wa kumuuliza. Nilichojua ni kwamba kila siku Babu anavuta kamba iliyokatika, na aliyeikata ni mimi kwa samli. Nilibandika upya kila usiku. Kila mchana ulimbo uliachia kwa joto la mguu. Nilifikiri kuzitupa soksi chooni, nikaona miguu ya Babu kwenye maji ya baridi. Nilifikiri kusema, nikaona uso wa Bibi. Niliota Ami yuko chini mlangoni anabisha, sote tuko juu, na hakuna anayemsikia. Nikaanza kulowesha kitanda, mtoto mkubwa mzima, na Bibi akanifunga hirizi akidhani nimetupiwa jicho.  

Ukapita mwezi. Ndipo ikatufikia habari kwa mtu aliyepita akisema haraka haraka mlangoni, bila kuingia, kwamba Seif ameonekana, yu hai, na baadhi ya waliochukuliwa watatoka Ijumaa. Bibi alikitandika upya kitanda cha Ami. Ijumaa ikaja. Tulikaa kuanzia asubuhi mpaka magharibi, na walirudi vijana wawili mtaa wa pili, tukasikia vigelegele vilivyokatishwa upesi. Kwetu hakuna mtu aliyepanda ngazi.

Kesho yake alasiri Bibi alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Aliacha mikono katikati ya kazi, akasema bila kumtazama Babu, "Bwana, dua za wenzetu zimepanda. Zetu zina nini?"

 Nilimwona Babu akilitafuta jibu, na hicho ndicho nilichoshindwa kukistahamili.

"Zina tundu," nikasema.

"Nini?"

"Soksi, Babu. Soksi zina tundu. Panya. Mimi nilizitia samli, panya akala. Bi Zeyana kasema hakuna udhu. Hakuna sala. Ni mimi, Babu, Ami haji kwa ajili yangu." Nilikuwa nalia, na mkojo ukanitoka palepale nilipokaa.

Babu alinyoosha mguu wa kulia. Akavua soksi polepole, akaitazama kwa mbali kama kawaida yake, kisha akalitafuta tundu kwa kidole cha mwisho. Kidole kikapenya.

"Tangu lini hili, mama?"

"Tangu mwezi uliopita ulipoandama."

Nilisubiri kofi. Nilisubiri anitazame kama mtu baki. Lakini niliuona uso wake ukifunguka, na mpaka leo sijauona uso wa mtu mzima ukifanya vile. "Basi!" akasema, akageuka kwa Bibi, sauti imempanda. "Umesikia? Basi ndiyo sababu! Hatukunyimwa. Dua zetu hazikufika tu, hazikufika!" Na Bibi, badala ya kuniuliza habari ya samli, akaweka ungo chini akaanza kulia kwa furaha.

Babu hakuvaa tena soksi. Alisema kwanza atazilipa sala zote za mwezi ule na siku nne, na atazilipa kwa miguu iliyooshwa, asibakishe shaka. Hakutaka kusubiri maji ya moto. Alikwenda mtungini, akajimiminia kwa kata, na nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Kila faradhi ya siku aliifuatishia tano za kulipa. Alisimama, akainama, akasujudu, akasimama tena, na kila alipomaliza alimwombea Ami upya, kwa sauti yenye nguvu ambayo hatukuwa tumeisikia tangu kile kikombe kiondolewe mezani. Siku ya tatu vifundo vilivimba. Siku ya tano alikuwa akinyanyuka kwa kushika ukuta. Bibi alimwomba apumzike, asali kwa kukaa. Akakataa, akasema Seif hatoletwa na sala za uvivu. Mimi nilikaa mlangoni pa chumba nikihesabu rakaa, maana sasa nilikuwa na hofu mbili, na zilikuwa zinavutana. Nilitaka azimalize upesi Ami aje. Na nilimwona anazeeka mbele yangu kila rakaa.

Alimaliza Ijumaa, baada ya alasiri. Alitoa salamu kulia na kushoto, akainua mikono, akaomba maneno machache kuliko kawaida, kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kulipia mzigo na sasa anauulizia tu. Kisha tukakaa. Hakuna aliyesema tunasubiri nini. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya. Babu aligeuza uso kuelekea ngazi. Chini njiani zilisikika nyayo, zikakaribia, zikafika mlangoni kwetu, zikapita. Zikaja nyengine. Zikapita nazo. Jua liliondoka dirishani, likapanda ukutani, likatoka. Mwadhini akaadhini magharibi, na baada ya adhana nilielewa jambo ambalo sikuwa na umri wa kulielewa: kwamba muda wote nilipokuwa na hatia nilikuwa pia na matumaini, kwani tundu langu lingezibwa siku moja. Sasa limezibwa. Ami hakuja, wala hakuja Ijumaa nyengine, wala hatujaambiwa mpaka leo alikozikwa.

 Babu hakumwita Bibi. Aliniita mimi.

"Mama."

"Naam, Babu."

"Hebu niletee zile soksi. Uwashe taa." Nilimletea. Hakuzipokea, alinirudishia mikononi. "Macho yangu hayafai, weye ndiye mwenye kuzijua. Zitazame vizuri, usifanye haraka. Hakuna tundu jengine? La zamani, la kabla ya hili, tukaja tukalisahau?"

Nilizitia mkono moja moja. Nikazielekeza kwenye mwanga wa taa, nikapita mshono kwa mshono, vidole, nyayo, vifundo, kama alivyonifundisha. Nilizijua soksi zile kuliko nilivyojua viganja vyangu. Tundu jengine halikuwapo. Niliinua macho nikaiona miguu yake ilivyovimba juu ya msala, kisha nikauona uso wake ulivyokuwa ukinisubiri.

"Lipo, Babu," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akaanza kukunja mikono ya kanzu. Bibi alinitazama, akanitazama sana, na nikajua kwamba anajua. Kisha akanyanyuka, akaenda kumtekea maji.